Uwanja Usio na Nyayo

Kila asubuhi Dafroza, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa na kazi tatu: kuteka maji, kupika uji, na kumuuliza mama yake amelala saa ngapi. Hiyo ya tatu ndiyo ilikuwa nzito. Akishajibiwa, aliandika kwenye kalenda ya kanisa iliyotundikwa nyuma ya mlango: duara la bluu kwa usingizi wa kutosha, jekundu kwa usingizi haba.

Mama yake, Judith, alikuwa na ugonjwa wa akili uitwao baipola. Kuna majira moyo wake ulipanda kupita kiasi, asilale wala asichoke. Kuna majira ulishuka, hata kuchana nywele kukamshinda. Kwa dawa, kulala saa tatu usiku bila kukosa, na kalenda ile, mwaka mzima ulikuwa umepita salama nyumbani kwao Bweri. Alianika na kuuza dagaa Mwigobero, ufukweni mwa ziwa, kama kina mama wenzake. Ila kazi ya kupokea mitumbwi ya wavuvi alfajiri walikubaliana aifanye mdogo wake, Matrida, ili yeye apate usingizi.

Kisha Matrida akaenda msibani Butiama. Nazo zilikuwa siku za giza, mwezi hauonekani, dagaa wanavuliwa kwa wingi. Judith akasema atapokea mwenyewe, siku mbili tatu tu.

Asubuhi ya kwanza Dafroza alikuta uwanja umefagiliwa. Mistari ya ufagio iliizunguka nyumba, duara ndani ya duara, na juu ya mchanga hapakuwa na unyayo hata mmoja. Asubuhi ya pili aliusikia ufagio wenyewe, fyo, fyo, fyo, kabla jogoo hawajawika, akajifunika gubigubi. Kulipokucha, mistari ilikuwepo. Nyayo hazikuwepo.

Mzee Mugeta, jirani yao, alichungulia juu ya ua akatikisa kichwa.

"Mjukuu wangu, mtu gani anafagiaga asiache nyayo? Hao ni wanga. Usikanyage hapo."

Asubuhi ya tatu, Jumamosi, Dafroza alijikaza akachungulia dirishani. Alikuwa mama yake. Alifagia kinyumenyume, ufagio ukifuta kila alipokanyaga, huku akirudia ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani bila kufika wa pili. Macho yalikuwa yamemtoka. Dafroza aliona heri wangekuwa wanga.

"Mama, umelala kweli?"

"Usingizi wa nini, mwanangu? Sijawahi kuwa mzima hivi! Rukuba inaniita. Husikii?" Judith alicheka. "Andika bluu. Na mama mdogo asijue, ataniharibia."

Dafroza alikumbuka. Miaka miwili nyuma kisiwa hicho cha Rukuba kilimwita mama vivyo hivyo. Walimpata huko siku ya nne, peku, midomo imepasuka kwa jua, hajui alifikaje.

Hata hivyo akaandika bluu. Bluu mbili za mwanzo aliziandika kwa kuambiwa. Hii aliiandika akijua ni uongo. Mama akajifunga kanga akatoka. Kwa mbali, wingu la wadudu wa ziwani lilisimama juu ya maji kama moshi usio na moto.

Upepo ukafunua kalenda. Nyuma yake palikuwa pamebandikwa karatasi yenye mwandiko wa mama: "Nikikosa usingizi siku mbili, mwambieni Matrida. Hata nikikataza. Hata nikilia. Mimi Judith, nikiwa mzima."

Dafroza aliisoma mara mbili, machozi yakimtoka. Mama mmoja anamkataza, mama mmoja anamwomba. Akaibandua karatasi, akakimbilia kwa jirani.

"Shikamoo babu. Siyo wanga. Ni mama, anaumwa. Naomba simu nimpigie mama mdogo."

Mzee Mugeta aliona aibu, akampa simu mara moja.

Matrida alipofika mjini, yeye na Dafroza walikwenda Mwigobero. Judith alikuwa ameshaketi ndani ya boti ya kwenda Rukuba, anaimba ubeti uleule, na mwenye boti anahangaika na injini iliyogoma kuwaka. Matrida hakupiga kelele. Alimwonyesha karatasi.

"Dada, mwandiko wa nani huu?"

Judith aliitazama muda mrefu. Wimbo ukakatika. "Wangu," akasema, akashuka.

Hospitalini, daktari aligundua kuwa alikuwa ameacha kumeza dawa tangu aanze kuwahi mitumbwi. Akampangia dawa upya na kumtaka arudie saa zake za kulala. Baada ya majuma matatu Judith, ametulia, alimwita binti yake mbele ya kalenda.

"Mama, nisamehe. Niliandika uongo," Dafroza alisema.

"Mimi ndiye niliyekutuma uandike uongo. Sasa urekebishe."

Dafroza akachora nyekundu juu ya zile bluu tatu.

"Sikiliza, mwanangu," mama alisema. "Ugonjwa huu naishi nao vizuri nikiwa na watu wa kuniambia ukweli. Kunifichia siri siyo kunipenda. Na usibebe peke yako. Ukiona mabadiliko, mwite mtu mzima hapohapo, kama ulivyofanya."

Kesho yake jua lilikuwa limeshachomoza Dafroza aliposikia ufagio. Moyo ukamruka, akatoka mbio. Uwanja ulikuwa safi, na katikati yake, kutoka kwenye ua hadi mlangoni, zilipita nyayo za mama yake. Akarudi ndani, akachukua kalamu ya bluu.