Stika Nyeupe ya Fundi Saa

Jumapili, saa moja na nusu asubuhi, fundi saa alishuka kufuta gari lake akakuta stika ya nchi yake imebanduliwa. Redio ipo, magurudumu yapo. Mwingine angeshukuru Mungu akaenda zake. Yeye alimpigia simu Inspekta wa ghorofa ya tatu, mama aliyestaafu mwaka jana, ambaye simu yake haikuwa imelia wiki nzima. Inspekta alishuka mbio na kandambili zake.

"Kama kuna mtu hapa hanitaki, Inspekta, niambie ukweli. Mizigo yangu haijazi hata buti la gari. Nitahama leo leo."

Inspekta aliinama nyuma ya gari. Hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Kwenye gundi iliyobaki ulikuwa umenasa uzi mweusi, mfupi kama ukucha.

"Uliibandika ya nini, mzee wangu?"

"Ili wa kwetu akiiona agonge kioo, anisalimie kwa lugha yetu. Miaka yote hiyo sijagongewa." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Na jua lilishaila. Nilipohamia hapa, tayari ilikuwa nyeupe pe."

Msimamizi wa jengo, ambaye juzi aligombana na mzee kuhusu maegesho, alikuja juu. "Kile kikaratasi cheupe? Nikitaka kumkomoa mtu namtolea upepo magurudumuni, sibandui makaratasi!"

Inspekta alimwamini; mwenye hasira hana subira ya kubandua bila mkwaruzo. Muosha magari naye alikuwa na kisu cha kukwangulia, lakini kisu kingeacha alama.

"Mie nilidhani ni bandeji," alisema muosha magari, akacheka peke yake.

Akabaki mshonaji wa chumba cha chini, mjane mpole ambaye jengo zima lilijua ni mzaliwa wa hapa hapa.

"Jamani, Inspekta, nani ahangaike na herufi mbili za watu?" alisema, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Herufi zipi, dada? Tangu ije hapa haina herufi."

Cherehani ikanyamaza.

"Ulipitisha uzi nyuma yake, ukaitoa taratibu kama unafumua pindo. Kwa nini?"

Mshonaji alifungua droo. Stika ilikuwa imelazwa juu ya kipande cha hariri.

"Kesho gari linapigwa rangi, mwenyewe ametangaza. Wangeikwangua! Baba yangu alikuwa na kama hii. Nililetwa huku mdogo; marehemu mume wangu hakujua, wanangu hawajui. Zile herufi, ukizijua unaziona tu."

"Si ungemgongea kioo?"

"Akinijibu je? Lugha imenitoka yote, nimebaki na salamu." Akalia. "Nilimwonea haya, Inspekta."

Nje, fundi saa alikuwa ameshaketi kwenye usukani, begi kiti cha nyuma. Mshonaji aligonga kioo. Kiliposhuka, akamnyooshea stika, akatoa ile salamu yake moja.

Mzee alizima gari. Akaitikia. Kisha akairudia salamu polepole, na mshonaji akaifuata.

Inspekta alipanda ngazi peke yake. Aliiweka simu mezani, akaitazama. Alitamani kesi ingedumu angalau hadi Jumatatu.