Hundi Tatu za Zumari

Jumamosi asubuhi Soazig Tanguy alikuwa jikoni akigeuza chapati za maji za ngano nyeusi. Chumbani binti yake, Enora, alikuwa akipuliza zumari. Alikuwa amejiunga na bendi ya mji hivi karibuni, na zumari lake bado lilikuwa likilia kama bata aliyekanyagwa.

"Huyo bata atakufa lini?" aliuliza Gireg, mume wa Soazig, huku akipaka siagi chapati yake.

"Ukimpigia makofi, baba," Enora alijibu kutoka chumbani.

Soazig alicheka, akafungua simu aangalie akaunti yake. Kicheko kikakatika. Ada ya bendi ilikuwa yuro mia tatu. Kama wazazi wote wa pale, aliandika hundi tatu za mia moja na kuzikabidhi kwa pamoja. Walikubaliana na viongozi wa bendi kwamba mweka hazina atapeleka benki hundi moja kila mwezi. Sasa zote tatu zilikuwa zimelipwa. Na jana yake tu alikuwa amempa mwenye nyumba hundi ya kodi. Pesa zilizobaki hazikutosha kuilipa.

"Tuiambie benki hundi ya kodi imepotea," alisema Gireg. "Wataizuia."

Soazig hakupenda wazo hilo. Alivuka ua hadi kwa jirani yao, Bi. Armelle, aliyefanya kazi benki hadi kustaafu. Gireg alimfuata, chapati mkononi.

"Hundi huzuiwa ikiibiwa, ikipotea au ikitumiwa kwa udanganyifu," alisema Bi. Armelle. "Kukosa pesa si kupotea. Ukisema uongo huo, Gireg, unavunja sheria."

"Nilikuwa nawaza tu, bibi."

"Basi waza kimya. Hundi ikirudi bila pesa, mkeo anaweza kukatazwa kuandika nyingine."

"Lakini tulikubaliana wasubiri," alisema Soazig.

"Mliambizana kwa mdomo, mwanangu. Hundi ni ya kulipwa siku inapofika benki, na benki haijui mliyosema. Wapigie sasa, kabla hawajaikataa. Kisha umwone mweka hazina. Usiende kugombana."

Soazig alipiga simu. Benki ilimjibu kwamba hundi ya kodi bado haijafika. Akiingiza pesa mapema, italipwa.

Mweka hazina, Loeiz, alikuwa sokoni akiuza chaza. Alikuwa mgeni katika kazi ile ya bendi. Aliposikia habari, aliweka kisu chini.

"Nilikabidhiwa bunda moja, nikapeleka bunda moja," alisema. "Hakuna aliyeniambia kuna kusubiri. Samahani, dada. Nakurudishia mia mbili sasa hivi, utazilipa mwezi kwa mwezi."

Akapangusa mikono, akatuma pesa kwa simu kutoka akaunti ya bendi. Soazig alitazama simu yake. Zilikuwa zimeingia mia tatu.

Gireg alimnong'oneza, "Nyamaza. Hiyo ya tatu ni fidia ya masikio yangu."

"Umezidisha mia moja, Loeiz," Soazig alisema kwa sauti.

Bi. Armelle, aliyekuwa amefuatana nao na sasa akichagua chaza, aligeuka. "Vizuri. Pesa iliyokuja kwa makosa ina mwenyewe, na akiidai utalipa. Irudishe kwenye akaunti ilikotoka. Leo mwenyewe yuko mbele yako. Siku ukitumiwa na usiyemjua, akakupigia akutajie akaunti nyingine, usitume kitu. Waachie benki. Matapeli hupitia hapo."

Soazig alirudisha ile mia, na Loeiz akawaongezea chaza. Hundi ya kodi ilipofika benki, ililipwa bila maneno.

Katika mkutano wa bendi wazazi waliafikiana: kila hundi iandikwe nyuma, kwa penseli, mwezi wa kupelekwa benki. Tarehe iliyo upande wa mbele wa hundi ibaki ile ya siku ya kuandika. Na watu wawili wazikague kabla hazijapelekwa. Loeiz alimtaja Soazig kuwa wa pili, na watu wakapiga makofi kabla hajamaliza kusema "lakini".

Gireg naye alikuwa amejiandikisha siku hiyo kupiga ngoma. Soazig aliigeuza hundi ya kwanza mezani. Nyuma ilikuwa tupu.

"Hata ya mumeo unaikagua?" aliuliza Gireg.

"Hiyo ndiyo ya kwanza," alisema Soazig, akampa penseli.