Barua ya Teppei

"Nani amefuta jina langu?"

Chizuru Iwanaga alisimama mbele ya ubao wa zamu, kofia ya sare mkononi. Ilikuwa saa moja kasoro asubuhi, na ndani ya ofisi ya mabasi ya utalii, pale bandarini Nagasaki, madereva walikuwa kwenye foleni wakipuliza kifaa cha kupimia pombe. Majina ya waongozaji watalii wote wa mwezi ujao yalikuwa ubaoni. Lake, baada ya miaka kumi na mmoja, halikuwepo.

Mzee Hamasaki, mkuu wa zamu, aliinuka kitini huku akitabasamu.

"Aa, bibi harusi mwenyewe! Hongera sana, binti yangu. Utatuachia pengo."

"Pengo gani, mzee?"

"Teppei alileta barua jana. Kwamba mnaoana, na wewe unaacha kazi mwisho wa mwezi. Si unajua utaratibu wetu, mume na mke hawafanyi kazi basi moja."

"Mimi sijaacha kazi."

Mzee akacheka, wala si kwa ubaya.

"Hayo ya nyumbani malizaneni wenyewe. Barua ni ya Teppei. Akija kuiondoa, nitaiondoa. Asipokuja, saa kumi na moja jioni naituma makao makuu."

Simu ikatikisika mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa mama yake.

"Mwanangu, Teppei alikuja jana na keki. Kapiga magoti kwenye mkeka, kakuomba. Nimelia mpaka aproni imelowa. Usijifanye hujui!"

Chizuru aliusoma mara mbili. Mama anajua. Ofisi inajua. Yeye, anayeolewa, ndiyo kwanza anasikia.

Teppei Urakawa alikuwa nje akifuta kioo cha basi. Miaka minne walikuwa wameendesha njia moja, yeye kwenye usukani, Chizuru kwenye kipaza sauti, na miwili kati ya hiyo walikuwa wapenzi.

"Umeamkaje, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Umeposa kwa mama, umeposa kwa Mzee Hamasaki. Kwangu ulipanga kuja lini?"

Kitambaa kikamponyoka.

"Leo. Jioni, tukimaliza kazi. Nilitaka kwanza niweke mambo sawa..."

"Mambo ya nani, Teppei? Ya nani?"

Lakini wageni tayari walikuwa wanashuka melini, akina mama ishirini na wawili wa ushirika wa wakulima wa matofaa kutoka kaskazini, wengi wao wakitembea kwa mkongojo. Teppei akakimbia kuweka kigoda mlangoni na kumshika kila mmoja kiwiko apande. Chizuru alimwona, na akakasirika zaidi, maana mtu mwenye mikono ya upole hivyo alikuwa hajambakizia hata neno moja la kumuuliza.

Basi likaondoka. Akawasha kipaza sauti.

"Karibuni wageni wetu. Mimi ni Chizuru. Upande wenu wa kulia yupo dereva, Bwana Urakawa. Njia zote za mji huu anazijua. Kuuliza tu ndiko hakujui."

Akina mama wakacheka. Masikio ya Teppei yakawa mekundu.

Walipofika Daraja la Miwani, hasira ilikuwa bado mbichi.

"Matao mawili na kivuli chake majini, ndiyo maana likaitwa Miwani," alisema. "Wapo watu wanaohitaji miwani kubwa kama hii ili wamwone mtu aliyesimama kando yao miaka minne."

Akina mama wengine walipokuwa wakipiga picha, bibi mmoja wa kiti cha mbele, Kiyono, miaka themanini na moja, alibaki nyuma na kumvuta mkono.

"Dada, huyo kijana kakufanya nini?"

"Hajanifanya kitu, bibi."

"Mimi nimeolewa mara mbili. Hasira ya namna hiyo naijua."

Chizuru akamweleza yote, haraka haraka, kwa sauti ya chini. Bibi Kiyono alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mimi nilikuwa karani wa posta," akasema. "Nilipoolewa waliniaga kwa maua na nyimbo. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kuondoka. Mwaka mzima niliamka alfajiri, nikavaa sare, halafu nikakumbuka, nikaivua." Akampapasa Chizuru mgongoni. "Kasirika, mwanangu. Kasirika vizuri, mpaka akusikie."

Mchana, akina mama walipokuwa wakila bakuli za tambi, Teppei alimfuata nyuma ya mgahawa na chai ya moto.

"Kunywa. Sauti yako inakauka."

"Sitaki chai yako."

"Chizu, nisikilize. Waongozaji wenzako wote ni hivyo. Sumie aliolewa, akaacha kazi. Mitsuko aliolewa, akaacha. Hapa ndivyo inavyokuwa. Nilidhani utafurahi kupumzika. Ngazi zile za vilimani kila siku, jua, mvua..."

"Nani alikuambia nimechoka?"

"Hakuna."

"Mmoja wetu lazima ahame basi, sawa. Utaratibu naujua. Mbona hukuandika kwamba ni wewe?"

Teppei alikuwa mtu wa kweli, kusema uongo hakujui.

"Haikunijia akilini," alisema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi hilo ndilo linaloniuma! Ungekuwa mbaya ningekuacha asubuhi, nikalala usingizi wangu. Lakini wewe unanipenda, unaniletea chai, na bado kazi yangu umeiona kama koti la kuazima. Barua ile ikienda makao makuu, Teppei, kazi yangu itakuwa imekwisha. Na mimi na wewe tutakuwa tumekwisha."

Akaondoka. Chai ilibaki mkononi mwa Teppei.

Alasiri walipanda kilima cha nyumba za kale. Juu kule barabara ni nyembamba kama mkanda, na basi lilitakiwa kurudi kinyumenyume hadi kona. Chizuru akashuka, akasimama nyuma ya basi na filimbi mdomoni. Upande mmoja ukuta, upande mwingine ngazi zinazoteremka korongoni. Akapuliza, pi, pi, pi, na mkono wake ukaonyesha njia. Teppei hakusita hata mara moja. Chizuru alipopuliza ndefu, basi likasimama, shubiri moja tu kutoka ukutani.

Teppei alizima injini.

"Mwenzio ana hasira ya kukumeza," Bibi Kiyono alimwambia, "lakini hakukupeleka pabaya. Kazi hiyo ndiyo uliyomwandikia aache?"

Teppei aliinama juu ya usukani kama mtu aliyezabwa kofi.

Saa kumi na nusu walikuwa tena gatini. Akina mama walishuka, wakainama kuaga, lakini hakuna aliyepanda meli. Walijidai kutafuta miavuli. Teppei akasimama katikati yao, akapiga simu, akaiweka sauti ya juu.

"Mzee Hamasaki, ile barua ichane."

"Kulikoni? Harusi imevunjika?"

"Sijui. Hiyo aulizwe Chizuru, nami bado sijamuuliza. Lakini kazi haachi. Nilimwandikia bila ruhusa yake, nimekosea. Kama ni kuhama, nahama mimi. Nipeleke mabasi ya mjini."

"Wewe? Ya mjini? Mwanamume kumpisha mkewe haijatokea hapa!"

"Basi itokee leo, mzee."

Wakasikia karatasi ikichanwa.

"Nimechana," Mzee Hamasaki alisema. "Tangu nianze kazi sijasikia dereva akisema amekosea."

Akina mama wakapiga makofi. Chizuru alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, machozi yanamshuka.

"Njia hii unaipenda," alimwambia Teppei.

"Naipenda. Nawe unaipenda, na umeanza kabla yangu." Akainamisha kichwa mpaka chini. "Nisamehe. Nilikwenda kwa watu wote, nikakuacha wewe. Sasa nakuuliza wewe. Chizuru, utakubali nikuoe?"

"Bado nina hasira."

"Najua."

"Nyingi."

"Ninaiona."

"Niulize kesho. Neno hilo nataka kulisema nikiwa nimetulia, siyo hivi navyotetemeka."

"Nitakuuliza kesho. Na keshokutwa, kama itabidi."

Honi ya meli ikalia, akina mama wakapanda harakaharaka. Meli ilipoanza kuachana na gati, Bibi Kiyono alijitokeza kwenye reli ya juu, viganja mdomoni.

"Dadaaa! Umekubali?"

Chizuru akavuta pumzi ya mtu aliyezoea kusema bila kipaza sauti.

"Kesho, bibi!" alipaza. "Nakubali kesho!"

Teppei alikaa chini pale pale gatini, suruali ya sare ikiingia vumbi, akacheka huku akilia.

"Simama," Chizuru alimwambia, akimpa mkono. "Tuna basi la kuosha."