Nywele Kwenye Kona ya Nne

Mtoto alicheka sebuleni, na hapakuwa na mtu wa kumchekesha.

Mama yake alikuwa jikoni. Alifuta mikono, akachungulia. Mwanawe wa miezi kumi alikaa kwenye mkeka, ameinua uso, anatazama kona ya dari iliyo juu ya dirisha. Mkanda wa urembo wa jipsamu uliozunguka dari ulikuwa umekauka kote, mweupe kama unga. Kona ile ilikuwa bado mbichi, na hiyo ilikuwa siku ya tisa tangu fundi aupandishe.

Urembo ule mama aliuchora mwenyewe kwenye daftari: majani yanayofuatana kuzunguka sebule nzima. Mumewe alifanya kazi mbali na alipiga simu Jumapili tu. Siku nyingine zote hakuwa na wa kuzungumza naye ila mtoto, na alitaka wawe na kitu kizuri cha kutazama wote wawili.

Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Kipara, aliimwaga mikanda kwenye kalibu, akaipandisha. Kila kiungo alikishika kwa katani iliyochovywa kwenye jipsamu. Kwenye kona ya nne katani ikamwishia.

"Shemeji, huna nyuzinyuzi zozote? Konzi moja tu."

Mama alikuwa na mfuko wa nywele zake, zile zinazobaki kwenye kitana. Aliutoa kwa haya.

"Hizi zinafaa kabisa," Kipara alisema. "Sasa hata dari yako imenishinda nywele."

Walicheka. Tangu Jumapili hakuwa amecheka na mtu mzima.

Siku ya kumi kona ilianza kunuka mafuta yake ya nywele. Mchana wake, akiwa uani anaanika nepi, alisikia mtu akiimba ndani, taratibu, ule wimbo wa kumlaza mtoto alioutunga mwenyewe na ambao hakuna aliyewahi kuusikia ila mtoto, na sauti ilikuwa yake, yake kabisa, hata kile kikohozi kidogo cha katikati, ilhali mdomo wake ulikuwa umebana vibanio viwili vya nguo, na mtoto akaitika, "Mama," neno ambalo hakuwahi kumwita yeye.

Alimkimbilia. Mtoto alimsukuma, akanyoosha mikono juu.

Jioni ile ile alimleta mkunga mstaafu, bibi ambaye watu walimwendea kwa mambo yasiyotibika hospitali. Kipara naye aliitwa na ngazi yake. Bibi alinusa hewa.

"Nani aliweka nywele zako pale?"

"Nilizitoa mwenyewe, bibi. Katani iliisha."

"Jini hana sauti yake, mjukuu wangu. Huazima. Wewe umempa sauti na chumba cha kukaa."

"Na mwanangu?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Atakuwa wa yule anayemwita mama. Fundi, panda. Na wewe, ukisikia unaitwa, usiitike."

Kipara alipanda na patasi yake. Alipopasua kona, sauti ilianza kumwita mama wa mtoto kwa jina lake la utotoni, ikalia kama yeye, ikamsihi kama yeye, ikasema haina mtu mwingine duniani, na yeye akauma kiganja hadi kikatoka damu, huku Kipara akivuta nywele ambazo hazikuisha, ndefu, zenye unyevu, zimesukwa vizuri mistari mistari, zikashuka hadi mkekani kabla ya bibi kuzikata kwa wembe na kuzishindilia kwenye chungu cha chumvi.

Sauti ikakatika.

"Ametoka," bibi alisema. Akabeba chungu chake, akaenda kukizika.

Mama alimpakata mwanawe. "Mwanangu. Ni mimi, mama."

Mtoto aliutazama mdomo wake, kama mtu aliyeona kitu chake kimevaliwa na mgeni. Akaangua kilio, akajikunja, akajitupa nyuma.

Kipara alikuwa anazoa vipande. Akasimama ghafla.

"Shemeji," alisema polepole. "Ule mchanganyiko wenye nywele ulibaki kidogo. Sisi hatutupi jipsamu ikiwa bado laini."

"Uliuweka wapi?"

"Nilizibia mianya chumbani."

Mlango wa chumbani ulikuwa wazi, na ndani hapakuwa na mtu.

"Nyamaza, baba," sauti ile ile ya mama ikasema kutoka kule. "Mama yupo."

Mtoto akanyamaza.