Suruali ya Fundi Yenye Vifungo Vingi

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Alipasuliwa kichwa, akatolewa uvimbe kwenye ubongo. Akapona, lakini mkono na mguu wa kushoto vikabaki vizito. Mkojo nao ukawa hausubiri. Wakubwa wa hospitali walituruhusu bila kutuambia lolote kuhusu hilo. Labda kufungua mdomo kwao ni kazi ya ziada.

Mimi ni mgane, naye anakaa kwangu, kwa hiyo kufua ni juu yangu. Fundi akanionea huruma, akaacha kunywa maji. Mkojo ukawa mweusi kama chai, unachoma, na bado ukamtoka. Siku ya mazoezi ya viungo hospitalini akagoma kwenda.

"Nikajikojolee mbele za watu?"

"Bila mazoezi, mguu huo utakanyaga cherehani lini?"

"Kaka, niache."

Nikaenda kumleta dada wa mazoezi. Njia nzima niliwasema wakubwa wake.

"Umemaliza, baba?" akauliza mlangoni. "Sasa nionyeshe mgonjwa."

Akamwambia fundi, "Ubongo ndio unaokiamuru kibofu kisubiri. Wako unajifunza upya. Ukiacha maji, mkojo unakuwa mkali na kibofu kinazidi kusumbua. Kunywa kidogo kidogo mchana, punguza jioni. Chai ipunguze. Nenda chooni kila baada ya saa mbili, hata kama hujabanwa. Na mkojo unaochoma ukapimwe leo."

"Chooni nafika," fundi akasema. "Kuvua ndiko kunanishinda."

Tukatazama suruali yake. Mkanda, kulabu, vifungo vya ndani, vifungo vya nje. Aliishona mwenyewe.

"Hii ni suruali au jela?" dada akauliza.

"Ndiyo tangazo langu la kazi."

"Kwa mkono mmoja utaifungua mwaka gani? Vaa ya mpira kiunoni."

"Ya mpira ni ya watoto."

"Na kujikojolea ni kwa wazee?" nikamuuliza.

Akaninunia. Lakini vipimo vilipoonyesha maambukizi, alimeza dawa, akanywa maji, akanielekeza nimkatie na kumshonea suruali ya mpira. Niliikata kombo. Akaivaa hivyo hivyo, akaenda mazoezini, akarudi mkavu.

Sasa mguu wa kushoto unakanyaga cherehani, polepole. Juzi alikuwa akimpima mteja, ghafla akatazama saa, akainuka.

"Fundi, unaniacha na futi kiunoni?"

"Ishikilie hapo hapo," akajibu, tayari yuko njiani. "Kiuno chako hakina haraka."