Nafasi ya Nne

Foleni ya kulipia maji ilikuwa imetoka nje ya mlango na kukunja kona ya jengo, na watu walikuwa wamefika ile hatua ya kutosemezana. Katikati yake alisimama kijana mrefu mwenye shati la bluu, ambaye hakuwa na bili yoyote mkononi. Alikuwa pale kikazi. Kila Ijumaa alitoa kwenye tovuti yake orodha ya blogu na tovuti bora za mji ule, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na alikwisha kung'amua kwamba mitambo ya kutafutia habari haikuujua mji huo wala haikuwa na haja nao. Foleni ndizo zilizoujua. Mtu akichoka kusimama hutoa simu, na anachokisoma hapo ndicho anachokipenda kweli. Basi kijana huyu alikuwa akiingia foleni yoyote, ya benki, ya hospitali, ya maji, ananyoosha shingo, halafu anauliza kwa adabu. Walimwita Bwana Orodha, wengine kwa heshima na wengine kwa kumcheka.

Mbele yake alikuwepo dada mmoja aliyevaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, na pini mbili zimesahauliwa kwenye ukosi. Alikuwa anasoma. Bwana Orodha akanyoosha shingo.

"Kaka," dada alisema bila kugeuka, "kama unataka kusoma, njoo basi uishike wewe simu. Mkono wangu umechoka."

Akaomba radhi, akaeleza kazi yake, akauliza blogu ile inaitwaje. Dada akaizima simu na kujibu kwamba ni porojo za mtu fulani asiye na kazi. Lakini macho ya kijana yalikuwa yamekwisha kuliona jina: Mlango wa Jikoni.

Kesho yake alipoifungua alikuta habari mpya. Ilimhusu mwanaume wa kwenye foleni, mwenye tabia ya kuazima simu za watu kwa macho, aliyevaa shati la bluu ambalo kifungo chake cha tatu kilishonwa kwa uzi mweusi na mtu asiyejua kushona, bila shaka yeye mwenyewe. Bwana Orodha akainama kutazama kifungo chake. Alicheka peke yake kama mwehu, kisha akaendelea kusoma habari za nyuma mpaka chai yake ikapoa. Zilikuwa habari za mama na binti yake katika nyumba yenye vyumba vitatu, za wateja wanaobishana na vipimo vya viuno vyao, za kibanda cha cherehani nyuma ya stendi. Kibanda hicho kilielezwa vizuri hivi kwamba alikipata bila kuuliza.

"Nimeleta kifungo," alisema pale mlangoni. "Nakiomba kishonwe upya kabla hakijaandikwa tena."

Fundi, yule dada wa gauni la kijani, aliona haya, halafu akacheka, na mimi nasema mambo yote yaliamuliwa na kicheko kile, hayo mengine yalikuwa mapambo tu. Alimvua shati akiwa amesimama, akamwacha na fulana mbele ya wateja kama adhabu, akashona kifungo polepole kuliko kilivyohitaji.

Ijumaa ile Mlango wa Jikoni uliingia kwenye orodha, nafasi ya nne. Fundi alipiga simu kulalamika. Ya kwanza ilikuwa blogu ya muuguzi mstaafu aliyeeleza dalili za magonjwa, ya pili ya kijana aliyetangaza nauli na barabara zilizofungwa, na ya tatu ya mzee aliyejua ni mtaa gani utakatiwa maji na lini.

"Kwa hiyo mimi nashindwa na bomba, mpenzi?"

"Bomba likikauka watu wanateseka. Wewe ukinyamaza nitateseka mimi peke yangu."

"Mdomo huo ungekuwa blogu ungeupa nafasi ya kwanza."

Hata hivyo hakumpandisha, na fundi, ingawa alinuna, alimpenda zaidi kwa hilo. Zamani kidogo kulikuwa na jamaa mjini aliyepanga blogu kwa kupokea zawadi, na watu wakaacha kumwamini yeye na kila aliyemfuata. Bwana Orodha aliijenga imani ile upya kwa kanuni zake, zilizoandikwa mwisho kabisa wa ukurasa kwa herufi ndogo ambazo hakuna aliyepata kuzisoma. Ya mwisho ilisema: hapa hapangwi ndugu wala mchumba. Dada yake mwenyewe alikuwa na blogu ya mapishi yenye wasomaji wengi, na haikuwahi kuonekana hapo. Dada huyo aliwahi kumnunia hadi akakataa kumfungulia mlango.

Sasa sikiliza jambo ambalo fundi hakumwambia mpenzi wake. Alikuwa na kaka. Alipoulizwa alisema kaka yuko safarini, akabadili mazungumzo, kwani mama yake alimlea kwamba mambo ya nyumbani hayaanikwi nje. Ukweli ni kwamba kaka huyo aligombana na marehemu baba yao, akaubamiza mlango wa jikoni hadi bawaba ikapinda, akaondoka asionekane tena. Tangu siku hiyo mlango ulilia kila ukifunguliwa, na mama alikataa katakata usitengenezwe. Alisema atautengeneza aliyeuvunja.

Blogu yote ile iliandikwa kwa ajili ya kaka. Wasomaji wengine walijikaribisha tu. Muda mfupi baada ya blogu kuingia kwenye orodha, msomaji aliyejiita Mpita Njia aliandika chini ya habari: "Nimekupata kwenye orodha ya Ijumaa, huwa napita hapo kuuona mji. Na ule mlango, bado unalia?" Fundi hakuwa ameandika popote kwamba mlango ule unalia. Alimsomea mama. Mama alijifuta macho kwa upindo wa kanga, akasema mwacheni, atakuja mwenyewe, mkimwita kwa nguvu atakimbia. Kuanzia hapo kila Alhamisi fundi aliandika, na kila Ijumaa Mpita Njia, akipitia kwenye orodha, hakukosa kuacha neno moja au mawili.

Kisha moyo wa mama ukaanza kuchoka. Daktari alimwita fundi pembeni, akamwambia kama kuna ndugu wa kuitwa aitwe. Alhamisi ile fundi aliandika mistari michache tu: "Mpita Njia, mama anakuulizia wewe. Usingoje. Njoo." Akalala akiisubiri Ijumaa.

Na Ijumaa hiyohiyo Bwana Orodha aliamka na furaha yake. Alikuwa amenunua pete. Mtu mwingine angekwenda kwanza kwa mchumba, lakini huyu alikuwa mtu wa kanuni, na kwake posa ilianzia kwenye orodha. Aliutoa Mlango wa Jikoni bila hata kuifungua habari mpya, akampandisha wa tano kuwa wa nne, akajisikia kama aliyekwisha kuoa. Halafu akapanda basi kwenda kwa mjomba aliyemlea, kumwomba aje azungumze na mama wa fundi. Kwa mjomba mtandao ulipatikana kwa kudra. Fundi alipiga simu asubuhi, mchana, jioni, akaambiwa kila mara kwamba mteja hapatikani.

Alipiga tena Jumamosi. Aliandika tena mistari ileile. Mpita Njia hakujibu, na Jumapili alfajiri mama alifariki akiwa ameuelekea mlango.

Bwana Orodha alirudi na mjomba wake, wamevaa vizuri, mjomba na kofia mpya, wakakuta viti vimepangwa nje na watu wameinamisha vichwa. Fundi alitoka akasimama mbele yake.

"Blogu yangu uliitoa wewe?"

"Niliitoa mimi."

"Kwa nini?"

Aliona aibu kulitamka neno lile kwenye msiba, lakini angejibu nini kingine. "Mchumba hapangwi. Nilikwenda kumleta mjomba."

Fundi alimtazama mjomba na kofia yake. Ndipo akamweleza yote, ya kaka, ya mlango, ya Alhamisi, kwa sauti ndogo isiyopanda. "Umenichumbia kwa kunifuta," alimaliza. "Ungeniuliza tu." Bwana Orodha alifikiri kwamba na yeye angeweza kuambiwa kuhusu kaka. Hakulisema. Kulikuwa na jeneza ndani.

Jioni hiyo alilibandika tangazo la msiba juu kabisa ya ukurasa wake, nje ya orodha, na kuliunganisha na Mlango wa Jikoni. Siku chache baada ya mazishi kaka alifika, mwanaume aliyeanza kuota mvi, begi moja begani. Alipiga magoti kaburini kwa muda mrefu. Nyumbani dada yake alimuuliza aliiona lini ile habari. Alijibu, macho chini, kwamba hakuiona mpaka tangazo la msiba lilipobandikwa juu. Fundi alilia kilio ambacho hakuwa amekilia hata siku ya kuzika. Bwana Orodha alikuwa amekaa pale pembeni amekuja kutoa pole, na hakuna aliyemtazama.

Alipoaga, kaka alimsindikiza. Walitembea mpaka penye duka la kona.

"Niliisoma Ijumaa ileile," kaka alisema. "Anwani ya blogu naijua kwa kichwa siku nyingi, orodha siihitaji. Nilikwenda mpaka kituoni na tiketi mkononi. Nikarudi. Nilimwogopa mama, ndugu yangu. Niliogopa atanitazama nikiwa sina chochote cha kumwonyesha." Alisimama. "Mwambie ukipenda. Mimi siwezi. Akinichukia na yeye, sina tena pa kurudi."

Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu alikabidhiwa mtu asiyemzaa. Bwana Orodha alirudi chumbani kwake akiwa na neno ambalo lingempa mke. Alilala nalo, akaamka nalo. Kila alipotaka kulisema alimwona fundi katika nyumba ile ya vyumba vitatu bila mama, bila baba, akimfungulia kaka yake mlango atoke.

Fundi alimwita kibandani. Alikuwa amekonda, gauni la kijani limemlegea kiunoni naye hakulipunguza, yeye fundi. Alisema usiku hulala na hasira, asubuhi huamka na hamu ya kumpigia simu, na amechoka kuwa watu wawili.

"Niambie neno moja la kukutetea," alisema. "Moja tu. Nitaliamini, wallahi."

Kutoka nyumbani, uchochoro wa pili, ilisikika nyundo. Kaka alikuwa akiinyoosha bawaba ya mlango wa jikoni.

"Sina," alisema Bwana Orodha.

Alingoja kidogo, pengine alitaka aulizwe mara ya pili. Fundi alikwisha kugeukia cherehani. Mwanaume akaondoka na pete yake mfukoni, na kama kuna anayemwona mjinga, basi mimi namwona mjinga na nampenda.

Mwezi ulipogeuka fundi alikwenda kulipia maji. Foleni ilikuwa ileile, imetoka nje, imekunja kona. Aligeuka nyuma mara moja, hakuona shingo ndefu yoyote. Ilikuwa Ijumaa. Akatoa simu, akaifungua orodha ambayo alikuwa amejiapiza hataifungua. Muuguzi, nauli, bomba. Na nafasi ya nne, Mlango wa Jikoni.

Aliisoma mara mbili. Akateremka hadi mwisho wa ukurasa, kwenye zile herufi ndogo, akaisoma kanuni ya mwisho, ile ya ndugu na mchumba, kwa macho yake mwenyewe. Kisha akafunika uso kwa kiganja.

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yake alimgusa bega, akauliza kama ni habari mbaya.

"Hapana, mama," fundi alisema. "Nimerudishwa kwenye orodha."

"Hongera, mwanangu," mama akasema, na foleni ikasogea.