Tarakimu ya Mwisho

Rafiki yangu Imaculata hataki nisimulie yaliyompata hapa Songea, mwaka lilipouzwa shirika alikokuwa fundi. Aibu imemfunga mdomo yeye, si mimi.

Asubuhi ya kuhesabu vifaa, meneja alimvuta pembeni. "Ile osiloskopu ya kupimia mawimbi ya umeme, kosea namba yake. Itaonekana haipo, mimi nitaiuza, tutasema aliiba Emiliani."

"Mzee wa watu tumemzika juzi, bosi!"

"Ndiyo maana hatabisha. Au hutaki mwenye mali mpya akuajiri?"

Emiliani, mtunza stoo, ndiye aliyemfundisha kazi. Imaculata akainamisha kichwa, akaingia stoo na tochi. Humo hamna dirisha. Yeye alisoma namba kwa sauti, na Ramson, karani aliyeketi mlangoni, akazirudia huku akiandika.

Alipofika kwenye osiloskopu, tochi ilimulika 4719 kwenye kibandiko chake. "Nne, saba, moja, sita."

Kalamu ilikwaruza karatasi polepole. "Nne, saba, moja, tisa."

"Sita, Ramson!"

"Tisa, mwanangu," sauti ikajibu, na safari hii ilitoka gizani, nyuma ya kisogo chake.

Alitoka mbio. Kiti cha mlangoni kilikuwa kitupu. Ramson alikuwa ng'ambo ya uwanja na kikombe cha chai. "Da Ima, si ungeningoja?"

Daftari lilikuwa wazi juu ya kiti. Mstari wa mwisho uliandikwa 4719, na ile saba ilikatwa kiunoni, kama Emiliani alivyozikata saba zake zote.

Hata hapo, Imaculata alinyoosha kidole aifute tisa. Wino ulikuwa bado mbichi.